Kwaki-topu na mizani: Bagamoyo tutabeba mizigo mpaka lini?

Najua wengi mnaoingia hapa mnategemea habari ya bandari. Tangu mwaka 2013 serikali iliposaini makubaliano na Wachina, mpaka 2019 mradi uliposimamishwa, na maneno yote yaliyofuata, kila mtu wa mwambao huu amekuwa mtaalamu wa bandari. Leo naomba tuiweke pembeni kidogo. Nina habari ya kuhesabu vitu vidogo kuliko vyote, na naamini inatuhusu kuliko inavyoonekana.

Machi 2025 kundi la wanasayansi liitwalo CMS lilitangaza kwamba limeona kitu cha ajabu kwenye hesabu zake za chembe ziitwazo kwaki-topu. Julai mwaka huohuo, kwenye mkutano wa wanafizikia mjini Marseille, Ufaransa, kundi pinzani liitwalo ATLAS likasema na sisi tumekiona. Makundi yote mawili yako CERN, maabara kubwa iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Magazeti yetu hayakuandika kitu. Sishangai, manake ukurasa wa mbele ulikuwa na siasa na wa nyuma ulikuwa na Simba na Yanga. Lakini mimi niliisoma, na nikaona ndani yake kuna swali letu hapa Bagamoyo.

Naomba nieleweke mapema. Mimi nimemaliza sekondari tu, sina digrii ya fizikia. Ninachoandika hapa ni kile ambacho yeyote mwenye saa mbili za kompyuta na daftari anaweza kukifuatilia. Twende taratibu.

KWAKI-TOPU NI KITU GANI

Shuleni tulifundishwa kwamba atomu ina kiini, na ndani ya kiini kuna protoni na nyutroni. Wengi tuliishia hapo. Protoni nayo ina vitu ndani yake, vinaitwa kwaki, zinazoshikamanishwa na gundi ya asili iitwayo gluoni. Kwaki ziko aina 6. Nzito kuliko zote ni hiyo topu. Chembe moja ya topu, ambayo haijulikani kuwa na kitu kingine ndani yake, uzito wake unakaribia ule wa atomu nzima ya dhahabu! Fikiria dagaa mmoja mwenye uzito wa papa.

Kwa sababu ni nzito namna hiyo, haipatikani mitaani. Ikizaliwa inakufa baada ya muda mfupi mno: sekunde moja uigawe mara trilioni, kila kipande ukigawe tena mara trilioni, na hapo bado topu haijafikisha nusu ya uhai huo wa kipande kimoja... hapana, nusu kamili tu ndiyo inayoifikia. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuiona topu yenyewe. Kinachoonekana ni mabaki yake.

Iligunduliwa mwaka 1995 kwenye maabara ya Fermilab karibu na Chicago, Marekani, na makundi mawili, CDF na D0. Wakati ule walikuwa na matukio machache mno, ya kuhesabu kwa makumi. Leo CERN wanazitengeneza kwa mamilioni, ndani ya mashine iitwayo LHC. Hiyo ni bomba la duara lenye urefu wa kilomita 27, limefukiwa ardhini kwa wastani wa mita 100. Ukitoka Bagamoyo mjini ukapita Zinga na Kerege kuelekea Mapinga, umetembea karibu urefu huo. Sasa ikunje barabara hiyo iwe duara, izike chini, kisha rusha protoni upande huu na nyingine upande ule, kwa kasi inayokaribia kabisa ile ya mwanga, zigongane uso kwa uso.

Zikigongana, nguvu ya mgongano inageuka kuwa vitu vipya. Ndiyo ile kanuni ya Einstein tunayoiandika kwenye fulana bila kuielewa: nishati inaweza kuwa uzito. Mara nyingi gluoni mbili hukutana na kuzaa topu pamoja na pacha wake kinyume, antitopu. Ndio maana wanazungumzia jozi. Lakini mara nyingi maana yake nini? Kwenye LHC, jozi moja ya topu hupatikana kwa kila migongano kama milioni 100 hivi. Bahati yao ni kwamba migongano inatokea kwa wingi wa kutisha.

SASA WANAHESABUJE

Hapa ndipo penye utamu. Nenda pale soko la samaki asubuhi majahazi na ngalawa zikirudi. Chukulia umeambiwa utaje samaki aina ya kolekole wanapatikana kwa kiasi gani kwenye maji yetu. Si waliovuliwa leo tu, bali kiwango halisi cha bahari. Utafanyaje?

Kwanza, utahesabu kolekole walioletwa. Pili, utatoa wale ambao si kolekole ila wanafanana nao, manake mchuuzi mwenye haraka anaweza kukuchanganyia samaki wa ukoo mmoja. Tatu, utauliza jarife lililotumika linapitisha samaki wangapi kwenye matundu. Kama linakamata 1 kati ya 10, basi ulichoona uzidishe kwa 10. Nne, utauliza nyavu zilikaa majini muda gani na eneo kubwa kiasi gani. Aliyevua usiku kucha huwezi kumlinganisha na aliyevua saa moja.

Basi! Hiyo ndiyo kanuni nzima. Chukua ulichohesabu, toa vya bandia, gawanya kwa uwezo wa wavu, gawanya tena kwa kiasi cha uvuvi. Jibu linaitwa kiwango cha uzalishaji. Wao wanaliandika kwa kipimo kiitwacho pikobani. Bani ni neno lililotokana na Kiingereza likimaanisha ghala la shambani. Wanafizikia wa Marekani wakati wa Vita vya Pili walitania kwamba kiini fulani cha atomu ni kikubwa kama ghala, rahisi kukilenga. Pikobani ni bani iliyogawanywa mara trilioni. Kwa hiyo topu ni shabaha ngumu.

Wavu wao uko hivi. Topu ikifa, huacha chembe mbili: bosoni ya W na kwaki nyingine iitwayo b. W nayo inakufa haraka, na mara moja kati ya 9 hivi inatoa elektroni, na mara moja kati ya 9 inatoa muoni, ambaye ni ndugu mzito wa elektroni. Wataalamu wa ATLAS wakachagua njia safi kuliko zote: yale matukio tu ambapo upande mmoja umetoa elektroni na upande mwingine muoni, moja ina chaji chanya na nyingine hasi, na pembeni kuna alama ya kwaki-b moja au mbili. Vitu vingine vinavyoweza kuigiza picha hiyo ni vichache. Piga hesabu mwenyewe: 1/9 mara 1/9, mara 2 kwa sababu elektroni inaweza kutoka upande wowote. Unapata kama tukio 1 kati ya 40. Yaani wanatupa jozi 39 ili wabaki na moja wanayoiamini. Mchuuzi wa samaki angelia, lakini kwenye kupima, kolekole mmoja unayemjua kwa hakika ana thamani kuliko kumi unaowashuku.

Kipimo cha nne, kile cha "nyavu zilikaa majini kiasi gani", ndicho kigumu. Wanakiita luminositi. Kukipata, wanaisogeza miale miwili ya protoni taratibu, mmoja uupite mwingine, huku wakiangalia migongano inaongezeka na kupungua vipi. Mbinu hiyo inaitwa kwa jina la Simon van der Meer, Mholanzi aliyepata Nobel mwaka 1984. Kwa njia hiyo ATLAS walipunguza shaka ya luminositi mpaka chini ya asilimia 1.

Matokeo waliyotoa mwaka 2023, kwa data walizokusanya 2015 mpaka 2018, ni pikobani 829, na shaka ya 15 juu au chini. Yaani asilimia 1.8 tu. Nadharia ilikuwa imetabiri takriban 830. Kuna kijana atasema, "sasa si wameona kile walichokijua?" Subiri kidogo.

Chukua kikokotoo. Uvuvi wao wa miaka ile ulikuwa 140,000 kwa kila pikobani moja. Zidisha kwa 829. Unapata zaidi ya jozi milioni 116 za topu. Kutoka matukio ya makumi mwaka 1995 mpaka zaidi ya milioni 100. Hiyo ndiyo maana ya miaka 30 ya kuhesabu bila kuchoka.

ASILIMIA MOJA ILIYOJIFICHA

Sasa lile tangazo la 2025. CMS na ATLAS waliangalia zile jozi zinazozaliwa taratibu, kwa nishati inayotosha tu kuzaa topu mbili bila chenji. Hapo wakakuta matukio yamezidi kidogo kuliko hesabu ya kawaida. Ziada yenyewe ni kama pikobani 9. Linganisha na 829. Ni kama asilimia 1!

Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba topu na antitopu, kabla hazijafa, zinakumbatiana kwa kitambo kidogo, zinakuwa kama kitu kimoja. Wamekipa jina toponiamu. Kwa miaka mingi wengi waliamini kwenye LHC haitaonekana kamwe, kwa kuwa topu inakufa haraka mno. Wenyewe bado wana tahadhari, wanasema inaendana na toponiamu, hawajasema ndiyo yenyewe kwa kiapo. Lakini makundi mawili, vigunduzi viwili tofauti, yameona kitu kimoja.

Huyo aliyeuliza "si wameona walichokijua" jibu lake ndilo hilo. Mtu anayepima kwa shaka ya asilimia 20 asingegundua ziada ya asilimia 1. Ingempita puani. Kabla ya hapo, Septemba 2024, ATLAS walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba topu na antitopu zinabaki na uhusiano wa kikwanta, hali moja ya chembe hii imefungamana na ya ile. Hiyo nayo isingewezekana bila kuhesabu kwa umakini. Vipya vinajificha kwenye asilimia ndogo, na anayepima ovyo havimfikii.

HAPA SASA NDIPO TUNAPOINGIA

Ili protoni zikunje kona kwenye duara lile, zinahitaji sumaku. LHC ina sumaku kubwa za kukunja 1,232. Nyaya zake zimetengenezwa kwa mchanganyiko wa niobiamu na titani, na hazifanyi kazi mpaka zipozwe kwa heliamu ya kimiminika kufikia nyuzi 271 chini ya sifuri. Heliamu inayotumika ni zaidi ya tani 100.

Wadau, heliamu. Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kwamba bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa nchi yetu, lina heliamu nyingi. Makadirio ya wakati ule yalikuwa futi za ujazo bilioni 54. Mapema 2024 kampuni hiyo ilitangaza kwamba heliamu imetoka mpaka juu ya kisima chake cha Itumbula West-1. Na niobiamu? Mbeya kuna kilima kinaitwa Panda Hill, kinajulikana kwa miamba yenye niobiamu tangu enzi za mkoloni.

Sisemi CERN inanunua kwetu. Ninachosema ni kwamba vitu viwili ambavyo mashine hiyo haiwezi kuishi bila vyenyewe, nchi yetu imelalia. Na hapo ndipo mtu wa Bagamoyo anapaswa kukaa wima, manake sisi tuna uzoefu na biashara ya namna hii.

Karne ya 19 pembe za ndovu zilitoka Unyamwezi, Ujiji na ng'ambo ya ziwa mpaka Kongo, mabegani mwa wapagazi, zikafika hapa. Hapa zikapimwa kwa frasila. Kutoka hapa jahazi mpaka Unguja, kutoka Unguja meli mpaka Ulaya, Bombay na Marekani. Huko Connecticut zilikatwa zikawa funguo za piano. Mpagazi alibeba mzigo miezi mitatu, akalipwa vitambaa na shanga. Mwenye mizani ndiye aliyejua thamani. Mwenye daftari ndiye aliyejua nani anamdai nani. Mji wetu umejaa magofu ya nyumba za wenye mizani, lakini kaburi la mpagazi hulijui liko wapi.

Kwa hiyo ninapoona heliamu ya Rukwa inazungumzwa kwa lugha ya futi za ujazo na mrabaha peke yake, nakumbuka pembe. Je, tutatoa gesi tu, halafu watoto wetu wakasome kwenye kompyuta matokeo yaliyopimwa na wengine? Au tutakuwepo pia kwenye daftari?

KITUO KILICHOKUWA HAPAHAPA

Kuna jambo wengi wamelisahau, na vijana wadogo hawalijui kabisa. Mwaka 2003 mwanafizikia Neil Turok alianzisha huko Muizenberg, Afrika Kusini, taasisi ya sayansi za hisabati iitwayo AIMS. Wazo lake lilikuwa kukusanya vijana wa Afrika waliomaliza digrii ya kwanza, kuwafundisha hisabati, takwimu na kuandika programu za kompyuta kwa kiwango cha juu, wakiishi pamoja na walimu. Ikaenea: Senegal, Ghana, Kameruni. Mwaka 2014 ikafika Tanzania. Na unajua ilifundisha wapi? Bagamoyo.

Ndio, mji huuhuu. Si wa magofu na ngoma tu. Vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikaa hapa wakisoma vitu vilevile ambavyo mtu anavihitaji ili ahesabu topu: takwimu, namna ya kutenganisha kitu halisi na kitu bandia, namna ya kuiambia kompyuta ichambue mamilioni ya matukio. Leo ukifungua orodha ya vituo vya AIMS vinavyofundisha shahada ya uzamili utaona Afrika Kusini, Senegal, Ghana, Kameruni na Rwanda. Tanzania haimo.

Sitaki kumnyooshea mtu kidole. Ninachotaka mkione ni hiki: kuhusu bandari ambayo haijajengwa tumepigana maneno miaka nenda rudi, bungeni, vijiweni, kwenye daladala. Kuhusu shule ambayo ilikuwepo na ikaondoka, sijasikia hata baraza moja la kahawa likiuliza. Kwanini? Kwa sababu bandari tunaiona ni mali, na hesabu tunaiona ni adhabu ya shule.

Wenzetu Rwanda wamefanya tofauti. Agosti 2016 Kigali ilipokea Shule ya Afrika ya Fizikia, ile inayozunguka bara zima tangu 2010 ikiwakutanisha wanafunzi wetu na watafiti wa maabara kama CERN. Mmoja wa waanzilishi wake ni Ketevi Assamagan, mwanafizikia mwenye asili ya Togo aliye kwenye kundi la ATLAS. Mwaka 2018 Kigali ikafungua taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa fizikia ya msingi, kwa ushirikiano na kituo cha Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Mpakistani Abdus Salam. Rwanda haina bahari, haina heliamu ya Rukwa. Imeamua tu kuwa na mizani.

"HIYO ITATUSAIDIA NINI?"

Najua swali hili linakuja, na ni swali la haki. Zahanati haina dawa, maji yanatoka kwa zamu, wewe unatuletea kwaki.

Jibu la kwanza liko mbele ya macho yako. Ukurasa huu unaousoma unapita kwenye mfumo wa wavuti. Tim Berners-Lee aliubuni CERN mwaka 1989 ili wanasayansi wapashane habari, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikautoa bure kwa dunia nzima. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, tuliunganishwa na kitu kilichozaliwa kwa ajili ya watu wa kuhesabu chembe.

Jibu la pili ni zito zaidi. Mama wa Bagamoyo akipata saratani ya shingo ya kizazi, anapelekwa Ocean Road. Pale kuna mashine za mionzi ziitwazo LINAC. Ni mashine za kuongeza kasi elektroni, ndugu wadogo kabisa wa LHC. Mashine hiyo haitibu yenyewe. Inamhitaji mtu anayeitwa mwanafizikia wa tiba, anayepima kipimo cha mionzi kabla mgonjwa hajalala kitandani. Akikosea kwa asilimia kadhaa, uvimbe unabaki au nyama nzima inaungua. Asilimia, wadau! Ni ufundi uleule wa shaka ya kipimo. Nchi inayodhani kupima kwa umakini ni anasa ya Wazungu itanunua mashine kwa mabilioni halafu itafute mtu wa kuzisimamia.

DATA ZIKO WAZI

Habari njema ninayotaka muondoke nayo ni hii. CERN wana sera ya kufungua data. Tangu 2014 wana tovuti ambapo mtu yeyote anaweza kuchukua matukio halisi. Julai 2024 ATLAS walitoa za utafiti, zaidi ya migongano bilioni 7 ya miaka 2015 na 2016. Kabla ya hapo, mwaka 2020, walitoa fungu jepesi kwa ajili ya wanafunzi, lenye mifano ya kufuata, na mmojawapo wa mifano hiyo ni kutafuta jozi za topu. Fungu hilo lina uvuvi wa 10,000 kwa kila pikobani. Zidisha kwa 829. Ndani ya vigunduzi walipovua, jozi zaidi ya milioni 8 zilizaliwa. Sehemu yao imo kwenye data hizo, zinakusubiri wewe.

Nimezifungua mwenyewe. Programu inaendeshwa ndani ya kivinjari, huna haja ya kusakinisha chochote kwenye kompyuta ya watu. Unaweka masharti: nataka elektroni au muoni mmoja, nataka alama za kwaki-b mbili, nataka vitu vingine vinne pembeni. Kila ukiongeza sharti, takataka zinapungua na kilima cha topu kinajitokeza kwenye mchoro. Nikuambie ukweli, kilima kile kikijitokeza karibu na namba ileile waliyoitaja wakubwa, mwili unasisimka. Hakuna aliyekubebea. Umehesabu wewe.

Vikwazo vipo, nisiwadanganye. Kila kitu ni Kiingereza. Bando linaisha. Kwenye kafe unalipa kwa saa na umeme ukikatika kazi imeondoka. Na kubwa kuliko yote, shule zetu nyingi za pwani mwalimu wa fizikia ni mmoja kwa shule nzima, na kuna ambazo hayupo kabisa. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unasema mengi kuhusu ujuzi, lakini ujuzi wa kupima haufundishwi kwa karatasi tupu.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mabilioni. Moja, mikataba ya heliamu na niobiamu iwe na kipengele cha kusomesha vijana wetu fizikia na uchambuzi wa data, kwa idadi inayotajwa. Tukishindwa kuandika hilo sasa, tusilalamike baada ya miaka 30. Mbili, halmashauri ya Bagamoyo na wabunge wetu waulize rasmi kama kituo cha namna ya AIMS kinaweza kurudi, na kwa masharti gani. Kuuliza ni bure. Tatu, sisi wenyewe. Vijana watano, kompyuta moja, Jumamosi moja kwa wiki, fungu lile la 2020. Mmoja anayejua Kiingereza anatafsiri, mmoja anayejua hesabu anaeleza, wengine wanauliza maswali ya kijinga mpaka yaishe. Na tukimaliza tuandike maelezo hayo kwa Kiswahili, ili anayefuata asianze sifuri.

Awamu ya tatu ya LHC ilianza Julai 2022, na mashine inaboreshwa ili karibu na mwaka 2030 ianze kuvua kwa wingi zaidi, kwa sumaku mpya zenye niobiamu na bati. Aliye kidato cha pili leo atakuwa chuoni wakati huo. Atakuwa anahesabu, au atakuwa anasikia kwamba wamehesabu? Hilo wadau haliamuliwi Uswisi, tunaliamua sisi.

Nawasilisha. Maoni ruksa, matusi hapana. Na mwenye kompyuta inayokaa na chaji aseme, Jumamosi tuanze.